Simu tano pembeni ya kimondo

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza masomo ya kompyuta hapa Mbeya, naishi Iyunga. Natengeneza programu ya simu kwa ajili ya vyama viwili vya ushirika vya kahawa huko Mbozi. Karani akipokea kahawa anaandika jina la mkulima na kilo, na programu inachukua lokesheni. Pia kuna maofisa wanaozunguka kupima mashamba, kwa sababu mnunuzi anataka nukta ya kila shamba, yaani latitudo na longitudo yake. Kwenye simu yangu kila kitu kiko sawa. Kwenye simu zao ni vurugu: moja haipati mahali kabisa, nyingine inaliweka shamba la Iyula katikati ya mji wa Vwawa, nyingine inaleta sifuri na sifuri, na kuna makarani wamekataa kuwasha lokesheni. Nafikiria kuweka sharti kwamba asiyewasha lokesheni kamili, programu isimfungukie. Nitakuwa sahihi? Na simu zenye mipangilio tofauti namna hii nazishughulikiaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa vurugu hizo. Sharti hilo usiliweke. Nitakueleza kwa nini, kisha twende kwenye simu zenyewe, maana kila kituko ulichokitaja kina chanzo chake na dawa yake.

Fikiria jioni ya Juni pale kwenye mzani. Baridi imeanza kuuma, foleni ya wakulima imefika barabarani, karani ameshika simu yenye ufa kwenye kioo, na programu imegoma kufunguka kwa sababu lokesheni imezimwa. Atatoa daftari alilolizoea na kuandika kwa kalamu, na kesho yake hatakuwa na muda wa kuhamishia kwenye simu. Utakuwa umepoteza jina na kilo, vitu ambavyo mkulima analipwa kwavyo, kwa ajili ya nukta ambayo hukuihitaji. Kituo cha kupokelea kahawa hakihami. Kisajili mara moja tu, mpe msimamizi kazi ya kusimama pale na kuchukua nukta nzuri, kisha kila mzigo unaopimwa kwenye kituo hicho urithi nukta ya kituo. Karani anachagua jina la kituo chake siku ya kwanza na hasumbuliwi tena.

Kupima shamba ni kazi nyingine kabisa. Hapo lokesheni ndiyo kazi yenyewe, na hapo una haki ya kudai ubora. Kwa hiyo kosa la kwanza halimo kwenye simu za makarani. Limo kwenye programu yako, iliyozichukulia kazi mbili kana kwamba ni moja.

Sasa simu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na tatizo kama lako, nikachukua simu tano nikaenda nazo kwenye Kimondo cha Mbozi. Nilipachagua kwa sababu hakuna wa kubishana kilipo: ni pande la chuma la takribani tani 16, limelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, na hakuna wa kulisogeza usiku. Liko karibu na nyuzi 9.11 kusini mwa Ikweta na nyuzi 33.04 mashariki. Nikasogea hatua kama ishirini kutoka kwenye chuma chenyewe, nikatandika kitenge, nikazipanga simu juu yake zikitazama mbingu, nikafungua programu ile ile kwenye zote.

Simu ya kwanza ilitoa jibu ndani ya sekunde chache: tuko hapa, kwa usahihi wa mita 5. Ya pili nayo ilijibu upesi, ila duara lake, yaani eneo ambalo simu inakisia kuwa imo ndani yake, lilikuwa la mita 2,000. Ya tatu ilikaa kimya karibu dakika mbili, kisha ikatoa nukta safi ya mita 8. Ya nne ilijibu papo hapo kwa duara la mita 12, lakini nukta ilikuwa stendi ya Vwawa, pale tulipokunywa chai asubuhi. Ya tano haikuleta chochote, na programu yangu ikaandika sifuri na sifuri. Programu moja, kitenge kimoja, majibu matano. Bila shaka umeshaona vituko vyako humo. Niende kinyumenyume, kuanzia ya tano.

Ya tano lokesheni ilikuwa imezimwa kwenye simu nzima. Kwenye Android ukiita `getLastLocation`, amri ya kuuliza mahali pa mwisho, katika hali hiyo unarudishiwa kitu kitupu, na kitu kitupu hicho mahali fulani kwenye kodi yako (maandishi ya programu) kinageuka sifuri, pengine kwa sababu kanzidata imewekewa sifuri kuwa thamani ya kuanzia. Sifuri na sifuri ni mahali halisi duniani: ni Ghuba ya Guinea, baharini magharibi mwa Afrika. Tupu ibaki tupu mpaka kwenye seva, kompyuta kuu inayopokea taarifa zote. Safu za latitudo na longitudo zikubali kuwa wazi, na pembeni yake uweke safu inayosema kwa nini ziko wazi: lokesheni ilizimwa, ruhusa ilikataliwa, au setilaiti hazikupatikana. Safu hiyo itakusaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu ukiwa Iyunga utaweza kujua kwamba karani wa Isansa hana ruhusa, bila kumpigia simu.

Ya nne ilikuwa na tatizo ambalo mimi naliogopa kuliko yote, kwa sababu linaonekana kama mafanikio. Duara dogo, nukta safi, lakini ya asubuhi. `getLastLocation` inakupa mahali pa mwisho simu ilipojulikana kuwapo, na haikwambii kwa sauti kwamba ni pa zamani. Mwenyewe ndiye wa kuuliza umri. Nukta ina muda wake ndani. Upime kwa saa ya ndani inayohesabu tangu simu ilipowashwa, yaani `elapsedRealtimeNanos`, usiupime kwa saa ya ukutani, kwa sababu saa ya ukutani mtu anaweza kuibadilisha, na huko mpakani inabadilika yenyewe. Nitakuja kwenye hilo. Kwa kupima shamba mimi sikubali nukta yenye umri unaozidi sekunde 30. Omba nukta mpya kwa `getCurrentLocation`, au vizuri zaidi omba mfululizo wa nukta na uzitazame zikiboreka. Lile shamba lako la Iyula lililoangukia Vwawa, dau langu la kwanza ni hapa: ofisa alitoka mjini, akafika shambani, akabonyeza, na simu ikatoa ilichokuwa nacho.

Ya tatu haikuwa mbovu. Ilikuwa na GPS peke yake, bila bando. Hapa pana jambo inafaa uwaeleze makarani wako kwa lugha yao, kwa sababu nimelisikia Mbozi, Makete na Kilolo vilevile: watu wanaamini lokesheni inakula bando, ndiyo maana wanaizima. GPS haihitaji intaneti. Simu inasikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu, inahitaji angalau nne kati ya hizo, na kusikiliza ni bure. Kazi ya intaneti hapo ni kuharakisha. Kila setilaiti hutangaza njia yake angani kwa mwendo wa biti 50 tu kwa sekunde, na tangazo hilo huchukua sekunde 30 kukamilika. Likikatizwa katikati na majani au bati, simu inasubiri zamu nyingine. Simu yenye intaneti inaletewa habari hizo kwa mtandao mara moja. Isiyo nayo inazisubiri kutoka juu. Kwa hiyo dakika mbili za kimya kwenye shamba la migomba na kahawa ni jambo la kawaida, na programu inayokata tamaa baada ya sekunde 10 inawaonea watu wasio na bando.

Mpe mtu muda, na umweleze anachosubiri. Usimwonyeshe kiduara kinachozunguka tu. Mwandikie: "Inatafuta setilaiti. Toka chini ya miti, simama mahali pa wazi. Haili bando." Kisha mwonyeshe namba ikishuka: mita 300, mita 60, mita 18, mita 7. Nimeona maofisa waliokuwa wakibonyeza na kuondoka wakianza kusubiri wenyewe, wameinua simu, wanaangalia namba ishuke. Namba hiyo inafanya kazi ambayo semina nzima haikufanya. Na skrini isizimike wakati wa kupima, kwa sababu simu nyingi zikiwa katika hali ya kubana betri hukata lokesheni skrini inapozima.

Simu ya pili, ile ya mita 2,000, ndiyo itakayokupata mara nyingi zaidi kadiri watu wanavyonunua simu mpya. Tangu Android 12, iliyotoka 2021, mtu akiombwa ruhusa anaonyeshwa picha mbili, moja ya mahali kamili na nyingine ya kukadiria, na akichagua ya kukadiria programu yako inapata eneo la takribani kilomita 3 za mraba. Ukibadili kuwa ekari ni kama 740. Kwa wakulima wa nusu ekari, humo mna mashamba zaidi ya elfu moja. Kwa kazi ya kujua mtu yuko kata gani, hiyo inatosha kabisa na wala usimsumbue. Kwa kupima shamba haifai, hata asubiri kutwa nzima chini ya anga wazi, kwa sababu si setilaiti zinazokosekana. Ni mfumo wa simu unaoficha kwa makusudi, kama mwenye simu alivyoagiza. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu asogee mahali pa wazi, hakikisha ana ruhusa ya mahali kamili, usije ukamsimamisha juani bure. Kwenye kodi omba `ACCESS_FINE_LOCATION` (ya mahali kamili) na `ACCESS_COARSE_LOCATION` (ya kukadiria) kwa pamoja. Baadhi ya matoleo ya Android 12 hulipuuza ombi la ile ya kwanza ikija peke yake. iPhone zina kitu hicho hicho tangu iOS 14 ya 2020, na huko unaweza kuomba usahihi kamili kwa muda, kwa kazi moja tu. Mbozi utakutana na iPhone chache, lakini meneja wa mnunuzi huenda anayo.

Simu za zamani zina sura nyingine. Kabla ya Android 9 ya 2018, mwenye simu alichagua kati ya njia tatu: usahihi wa juu, kubana betri, au kifaa peke yake. Kwenye kubana betri GPS haitumiki kabisa. Simu inakisia kwa minara na waifai. Pale Mwanjelwa, mjini Mbeya, kukisia huko kunatosha, waifai zimejaa kila kibanda. Iyula, mnara mmoja unahudumia vijiji kadhaa na nukta inaweza kukosea kwa kilomita. Kuanzia Android 9 njia hizo tatu ziliondolewa, ikabaki swichi moja ya kuwasha na kuzima, na pembeni yake swichi ya kuboresha usahihi ya Google. Ukitumia huduma ya mahali ya Google kwenye kodi yako, kuna namna ya kuuliza kama mipangilio inatosha na kumletea mtu kidirisha cha kuiwasha bila kutoka kwenye programu. Itumie. Lakini zipo simu zisizo na huduma za Google kabisa, kwa hiyo uwe na njia ya pili inayouliza mfumo wa Android wenyewe moja kwa moja.

Kwa mpangilio, basi: kwanza uliza kama lokesheni ya simu imewashwa, pili kama programu yako ina ruhusa, tatu kama ruhusa hiyo ni ya mahali kamili, na mwisho ndipo uitazame nukta yenyewe, umri wake na duara lake. Kila hatua ikikwama iwe na ujumbe wake. Programu nyingi nilizozikagua zina ujumbe mmoja tu, "Washa lokesheni", na mtu ameshaiwasha, anawasha na kuzima mara tano, kisha anaifuta programu. Na uulize upya kila mara anapobonyeza "Pima shamba". Usilikumbuke jibu la jana. Mtu anaweza kubadili mipangilio katikati ya kazi, wakati programu yako iko wazi.

Kuhusu duara nataka ukae nalo kidogo. Namba unayopewa na `getAccuracy` ni nusu kipenyo cha duara ambalo una uwezekano wa asilimia 68 kuwa ndani yake. Simu ikisema mita 20, basi takribani mara moja kati ya tatu uko nje ya hizo mita 20. Shamba la nusu ekari lingekuwa mraba, upande wake ungekuwa mita 45. Mtu akisimama katikati ya shamba hilo na duara la mita 20, nukta inaweza kuangukia kwa jirani. Kwa mashamba ya Mbozi mimi naweka kikomo cha mita 10, namsubirisha mtu mpaka dakika tatu, na ikishindikana napokea nukta bora iliyopatikana na kuipa alama ya "irudiwe". Simzuii. Ameshapanda mlima kufika pale, na nukta ya mita 25 iliyotiwa alama ina manufaa kuliko safari iliyopotea bure. Ila duara, umri wa nukta na aina ya ruhusa lazima vihifadhiwe pamoja na nukta, siku zote. Latitudo na longitudo zikiwa peke yake ni ushahidi usio na shahidi.

Hilo linanipeleka kwa mnunuzi wako. Nadhani anasukumwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu mazao yasiyotokana na ukataji wa misitu, inayoigusa kahawa pamoja na kakao, mbao na mengineyo. Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameanza kujiandaa. Kanuni inadai latitudo na longitudo zenye tarakimu angalau sita baada ya nukta ya desimali, na kwa shamba linalozidi hekta 4 inadai mipaka yote ya shamba badala ya nukta moja. Hapo wengi wanateleza. Tarakimu ya sita ni kama sentimita 11 ardhini, na simu ya kawaida haifikii huko. Ile simu yangu ya pili, yenye duara la mita 2,000, ilitoa tarakimu sita vizuri kabisa, na zaidi. Kwa hiyo faili lako litapita ukaguzi wa tarakimu huku shamba likiwa kijiji kingine. Mkulima ndiye atakayeumia siku atakayeambiwa kwamba kahawa yake imetoka ndani ya msitu wa hifadhi, kwa sababu nukta yake iliangukia humo. Ndiyo maana nakusisitiza duara. Hizi nukta zitakuwa ushahidi juu ya watu ambao hawataziona wala hawataweza kuzipinga.

Sasa wale waliokataa. Kwanza jiulize uliwaomba lini. Kama programu inaomba ruhusa mara tu inapofunguliwa, kabla mtu hajajua inafanya nini, kukataa ni busara, hata mimi ningekataa. Omba mtu anapobonyeza "Pima shamba", na kabla ya kidirisha cha mfumo weka ukurasa wako mwenyewe, sentensi mbili: tunachukua mahali pa shamba hili sasa hivi tu, na hatukufuatilii ukiondoka. Kuanzia Android 11 ya 2020, mtu akikataa mara mbili mfumo hauleti tena kidirisha, na ombi lako linakufa kimya kimya. Una nafasi mbili tu, usizichezee. Zikiisha, iliyobaki ni kitufe cha kumpeleka kwenye mipangilio ya simu, pamoja na maelezo ya wapi abonyeze. Maelezo hayo yaandike kwa Kiswahili na kwa maneno yanayoonekana kwenye simu ya lugha yake. Ukimwandikia maneno ya simu ya Kiingereza na yeye simu yake iko kwa Kiswahili, atapotea.

Ruhusa ya kufuatilia wakati programu imefungwa usiiombe. Huihitaji, watu wanaiogopa kwa haki, na Google huikagua programu inayoiomba kabla ya kuiruhusu kwenye duka lake. Na ujue kwamba nchini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mahali pa shamba la mtu mwenye jina ni taarifa binafsi. Chama kikusanye kile inachokihitaji kazi, kimwambie mkulima kinachokusanywa, na nukta hizo zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp kama nilivyoona zikitumwa.

Kuna kitu cha msimu ambacho hakuna aliyenionya, na kilinigharimu wiki nzima ya mwanzo wa ununuzi. Kahawa yenu huvunwa katikati ya mwaka. Msimu ukifungwa, programu inakaa miezi bila kufunguliwa. Tangu Android 11, programu isiyotumika kwa miezi kadhaa hunyang'anywa ruhusa zake na mfumo, na baadaye tabia hiyo ilipelekwa hata kwenye simu za zamani zaidi kupitia huduma za Google. Mwaka huo wangu makarani walifungua programu Mei, wakakuta haipimi, na kila mmoja aliapa kwamba hajagusa kitu. Walikuwa wanasema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nimeandika kodi inayoamini kwamba aliyeruhusu mwaka jana ameruhusu milele. Kwa programu ya msimu kama yako weka ukurasa wa kufungulia msimu: programu ikiona imepita zaidi ya mwezi mmoja tangu itumike, ikague ruhusa, tarehe na nafasi ya kuhifadhi, kisha iongee na karani kabla foleni haijaanza. Simu za wasimamizi zijaribiwe wiki moja kabla ya mzani kufunguliwa.

Na sasa mpaka. Mbozi na Tunduma ni pua na mdomo, na bila shaka baadhi ya magari na watu wako watafika huko. Tanzania tuko saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC), Zambia wako saa 2 mbele. Simu iliyo Tunduma inaweza kudaka mnara wa Nakonde ng'ambo, na kama imewekwa ijipangie saa yenyewe, inarudi nyuma saa nzima. Nimewahi kushika rekodi ya mzigo uliotoka Mlowo saa 4:20 asubuhi na kufika Tunduma saa 3:50 asubuhi hiyo hiyo. Mhasibu aliamini dereva amedanganya. Dereva hakuwa na kosa. Hali ni hiyo hiyo Kasumulu, kwa sababu Malawi nao wako saa 2. Hifadhi muda wote kwa saa ya dunia, na uugeuze kuwa saa ya Tanzania wakati wa kuonyesha tu, kwa ukanda uliotajwa kwa jina, usitegemee ukanda wa simu. Usitambue nchi kwa mnara pia. Mkulima wa Tunduma ataonekana Mzambia.

Mpakani huko huko kuna mtego wa lugha ya simu. Simu iliyowekwa Kifaransa, na hata Kiswahili cha Kongo, huandika desimali kwa mkato: -9,107800 badala ya -9.107800. Ukitengeneza maandishi ya nukta kwa mpangilio wa lugha ya simu, kisha seva ikagawanya latitudo na longitudo penye mkato, unapata vipande vinne badala ya viwili. Kinachotumwa kwenye seva kiandikwe kwa `Locale.ROOT`, mpangilio usiofuata lugha yoyote, bila kujali simu inaongea lugha gani. Kinachoonyeshwa kwa mtu ndicho kifuate lugha yake. Seva nayo iwe na mlango wa kukagua. Huku kwetu latitudo ni hasi, na alama ya kutoa ikidondoka, shamba la Mbozi linahamia Sudan Kusini. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, linaangukia baharini karibu na pwani ya Moroko. Weka kisanduku kinachozunguka wilaya mnazofanyia kazi, na nukta yoyote nje yake irudishwe kwa aliyeipima siku hiyo hiyo, wakati bado anakumbuka alisimama wapi.

Lokesheni ikishindikana kabisa, muulize mtu. Mkulima anajua kata, kijiji na kitongoji chake kuliko setilaiti. Weka orodha ya kuchagua, asiandike kwa mkono, maana utapata Igamba kwa tahajia nne. Kijiji kilichochaguliwa kinakupa pia njia ya kuhakiki: nukta ikisema Vwawa na mkulima akisema Iyula, programu iulize pale pale.

Kwa majaribio, acha kutegemea simu yako na emuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Tafuta simu tano zilizotumika, za bei ile ile wanayonunua makarani, moja ya Android ya kabla ya 9, moja ya 12 au mpya zaidi. Kwenye moja zima lokesheni. Kwenye nyingine ruhusu ya kukadiria tu. Kwenye nyingine kataa ruhusa mara mbili. Moja iwekwe Kifaransa na ukanda wa saa wa Lusaka. Moja ilale imezimwa usiku kucha, na asubuhi iwashwe bila laini ndani. Kisha panda nazo gari mpaka kwenye kimondo, ukae kama nilivyokaa, na uandike kwenye karatasi kila ujumbe unaotokea kwenye kila skrini. Nenda na karani mmoja, mpe yeye ndiye azishike, na wewe unyamaze. Pale atakapokutazama usoni kuuliza afanye nini, hapo ndipo ujumbe wako unahitaji kuandikwa upya.